Treni ya Bwana Natu Haijaacha Mtoto

Leo Jumamosi, tarehe 27 Desemba 2025, Bwana Natwarlal Ramji Solanki, DJ wa Ukumbi wa Mtakuja hapa Mafiga, anastaafu baada ya kututumikia kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Ameomba wasifu wake uwe mfupi na usimsifu sana. Mimi Judith Kobelo, mkata tiketi na mlinda mlango wa ukumbi huu kwa miaka ishirini na miwili, ombi la kwanza nitajitahidi. Hilo la pili atanisamehe.

Bwana Natu, kama mji mzima unavyomwita, alizaliwa mwaka 1965 hapa hapa Morogoro Mjini, chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la baba yake. Mzee alitamani sana mwanawe ajue kupima kitenge, lakini kijana kila akishika mkasi anakata waya. Alifungua redio ya nyumbani, akafungua ya jirani, mwishowe wateja wakawa wanaleta redio mbovu dukani na kuondoka bila kununua hata nusu mita ya kitambaa. Agosti 1992 aliitwa Mtakuja kutengeneza amplifaya. Siku hiyo DJ aliyekuwepo hakutokea, basi fundi akaombwa ashikilie mashine saa moja tu. Hiyo saa moja ndiyo inakwisha leo.

Mwanzo wake haukuwa mzuri, tuseme ukweli. Enzi zile Morogoro ilicheza bendi na bolingo la Kongo, naye akaweka kaseti ya muziki wa hausi aliyotumiwa na binamu yake wa Leicester. Ukumbi wote ukaacha kucheza. Mfanyakazi mmoja wa kiwandani alimfuata kwa adabu kumuuliza mwimbaji ataanza lini. Mwingine alizunguka nyuma ya spika kuangalia kama kuna kilichoungua. Bwana Natu hakubadilisha kitu. Kwenye wimbo wa nne, Mama Semeni aliyekuwa akiuza vitumbua getini aliweka sinia chini, akaingia akicheza na aproni yake, na nyuma yake wakaingia wengine. Mama Semeni tunaye humu ukumbini, msioniamini mwulizeni.

Toka hapo hakuna aliyemshika. Muziki wa mashine, huu unaotengenezwa kwa midundo na umeme bila ngoma wala gitaa, uliingia mkoa huu kupitia mikono yake. Alipiga hausi, akapiga tekno, na singeli, ule muziki wa kasi wa vijana, ilipokuja kutoka Dar hakuidharau kama walivyofanya wenzake wenye mvi. Alikaa chini na vijana wa Msamvu wamfundishe. Mwaka 2001 alirekodi sauti ya mitambo ya kufumia ya kiwanda cha nguo, akaigeuza mdundo wa dakika tisa, na wafanyakazi wa pale wakaitambua mashine kwa mashine. Mmoja wao alilalamika kwamba hakulipa kiingilio ili aje kufanya ovataimu. Bwana Natu amepiga Arusha, Unguja na Kampala, na mara mbili hoteli kubwa za Dar zilimtaka moja kwa moja. Alikataa, akisema huko hakuna mlima wa kuangalia wakati anafunga spika. Mkewe, Bi Bhakti, anasema sababu hasa ni chai yake ya tangawizi. Mimi nasema sababu ni disko toto.

Kila Iddi, kila Krismasi na kila Pasaka, saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili jioni, Mtakuja ni ya watoto. Wanatoka Mafiga na mitaa yote ya mji, na wengine wanateremka toka vijiji vya Uluguru, viatu mkononi, wanaosha matope ya miguu kwenye bomba letu ndipo wanaingia kama mabwana na mabibi harusi. Wanampa shikamoo kwa pamoja, watoto mia nne kwa sauti moja, naye anaitikia marahaba kwenye maiki kwa sauti nzito, wao hoi kwa kicheko. Mhindu huyu amefanya kazi sikukuu zote za Waislamu na zote za Wakristo. Yake, Diwali, tunampa ruhusa, na bado jioni utamkuta amepita kuangalia nyaya.

Pasaka ya mwaka 1997, muziki ulipokoma ghafla, watoto walikimbilia mlango wote kwa wakati mmoja. Binti wa miaka sita alianguka, akakanyagwa, akavunjika mkono. Mimi nilikuwa bado sijaajiriwa, lakini niliowakuta walinisimulia kwamba Bwana Natu ndiye aliyembeba mpaka hospitali, na kwamba alirudi akisema watu kuwaingiza kila DJ anaweza, kuwatoa je? Sikukuu iliyofuata alikuja na treni.

Kwa wageni wetu nieleze. Robo saa kabla ya mwisho, anaushusha mdundo polepole mpaka mapigo sitini kwa dakika, mwendo wa mtu anayetoka kanisani bila haraka. Watoto wakiusikia, kila mmoja anashika mabega ya aliye mbele yake, mstari mmoja, na treni inatoka ikicheza hadi uani kwa wazazi. Mlangoni kuna ndoo. Mtoto akiingia natia punje ya mahindi, akitoka naitoa. Ndoo ikiwa tupu napaza sauti kwamba tayari, na hapo tu ndipo mdundo unazimwa. Yeye hutoka wa mwisho, siku zote.

Treni hii imesemwa sana. Wazazi waliona inawachelewesha. Mama mmoja wa Mafiga alikuja kushitaki kwamba wanawe hawaendi kulala mpaka agonge sufuria polepole. Na meneja wetu, Mzee Eustace, ambaye nampenda na anajua nampenda, aliipigia mahesabu akaona inakula dakika kumi na tano ambazo zingetosha kuwapanga watoto wa awamu ya pili aliyotaka kuianzisha. Asubuhi ya Iddi Pili ya mwaka 2012 alimwambia Bwana Natu kwamba leo treni hakuna, muziki ukiisha milango ifunguliwe watoto wajitokee. Bwana Natu alijibu kwa upole, kama kawaida yake, kwamba basi na jina lake lifutwe kwenye ubao. Walibishana mpaka saa saba. Mzee akakubali kwa shingo upande, kwa mara ya mwisho, kesho yake wangekaa kikao.

Siku hiyo nilitia punje mia nne na kumi na mbili. Moja ilikuwa ya Witness, binti yangu wa pekee, miaka saba, gauni la njano.

Saa kumi na nusu transfoma ya mtaani ilipasuka. Kishindo kile hata waliokuwa Msamvu wanakikumbuka. Ukumbi una madirisha ya juu, na tulikuwa tumeyaziba kwa vitambaa vyeusi ili taa za disko zing'ae, kwa hiyo mchana kweupe ndani kukawa kiza totoro, na harufu ya moshi ikaanza kuingia. Jenereta lilikuwa kwa fundi. Watoto walipiga yowe moja, nikasikia miguu inakuja upande wangu. Mlango ni mita mbili kwa upana. Nilijua kabisa kinachokuja, na nilijua mwanangu yuko katikati yake.

Kisha nikasikia mdundo. Mwembamba, wa kukwaruza, lakini ule ule. Bwana Natu alikuwa na mashine ndogo ya midundo ya betri, saizi ya boksi la viatu, na kipaza sauti cha kushika mkononi wanachotumia watu wa matangazo. Waya wa kuviunganisha aliulehemu mwenyewe miaka mingi nyuma, sisi tukimcheka kwamba fundi redio haachi. Sitini kwa dakika. Miguu ilipunguza kasi kwanza kwa mbali, halafu karibu, halafu kikatokea kichwa cha treni mlangoni, mtoto analia huku anacheza, na nyuma yake mwingine amemshika mabega.

Nilitoa punje moja moja. Nilihesabu, maana ndiyo kazi aliyonifundisha. Gauni la njano sikuliona. Treni ikaisha, nikatazama ndani ya ndoo. Ilibaki punje moja.

Nilishindwa kupaza sauti kwamba tayari. Nilisimama pale na ndoo yangu, na humo ndani mdundo ukaendelea, kwa sababu yeye hazimi mpaka mlango umwambie. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu. Mwishowe nikaita jina la mwanangu. Mdundo ukaanza kusogea, ukaja karibu, na Bwana Natu akatokea kwenye mwanga, mashine kifuani, kipaza sauti shingoni. Nyuma yake Witness amemshikilia mkia wa shati, kwa kuwa mabega hayafikii, anatembea kwa mdundo. Aliniambia kwamba Anko alikuwa anabaki peke yake gizani, na hakuna aliyemshika. Nilimpiga kofi la mgongo, nikamkumbatia mpaka akalalamika, ndipo nikaitoa ile punje.

Watoto mia nne na kumi na mbili, hakuna hata mchubuko. Kikao cha kesho yake kilifanyika kweli. Mzee Eustace alisimama mbele yetu sote, akamwomba radhi Bwana Natu, na mwezi huo huo akafungua mlango wa pili upande wa mlimani kwa gharama za ukumbi. Toka treni ilipoanza mwaka 1997 mpaka jana Boksing Dei, kila mtoto aliyeingia disko toto la Mtakuja ametoka kwa miguu yake. Vikombe vyake vya tuzo vilivyopangwa kwenye kabati ni vizuri, lakini hilo ndilo analoondoka nalo.

Bwana Natu, tunakushukuru kwa muziki, kwa ukali wako wa kimyakimya, kwa chai za Bi Bhakti ulizotugawia. Mimi nakushukuru kwa mwanangu, na hilo sitaacha kulisema. Pumzika na afya njema, hizo redio za majirani zikutafute taratibu, na Diwali ijayo kaa nyumbani ule sikukuu yako.

Wageni wetu, leo mwisho wa sherehe hakuna wa kutoka kiholela. Mdundo wa sitini utapigwa na Witness, ambaye amejifunza kwake miaka mitatu na ndiye atakayeshika mashine kuanzia Januari. Bwana Natu, ambaye hajawahi kutoka ila wa mwisho, safari hii atakuwa kichwa cha treni, sisi tumshike mabega.

Ndoo yangu ipo mlangoni. Kila mgeni nitamtilia punje, na yeye pia nitamtilia, kwa mara ya kwanza, kwa sababu wafanyakazi huwa hatuhesabiwi na leo anaingia kama mgeni. Mkitoka nitazitoa zenu zote. Ya kwake sitaitoa. Kwa hesabu ya mlango wangu, Bwana Natu bado yumo ndani.