Bi. Warda, Mshenga wa Mataifa Yasiyokuwepo

Baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi, Bi. Warda Saburi anastaafu tarehe 30 Juni katika kituo chetu cha Utende. Kazi yake, kwa wale ambao hadi leo wanadhani tunatengeneza simu, ilikuwa kuyatia akili mataifa yanayoishi ndani ya kompyuta, ili wataalamu waone jinsi vita vinavyoanza kabla havijaanza.

Alipoajiriwa, mataifa yetu yalikuwa majuha. Taifa likiona jirani ana bandari, linavamia. Likikosa jirani, linajivamia lenyewe. Bi. Warda akayafundisha kupima, kukumbuka na kuogopa. Lo! Yalipopata akili yakavamiana kwa mpangilio mzuri zaidi.

Ndipo huyu binti wa kijiji cha Kiegeani alipokumbuka mambo ya posa. Kwao muoaji haendi kuomba mke mwenyewe. Hutumwa mshenga, ambaye maneno makali huyaacha njiani na kufikisha yanayosikilizika. Kila taifa akalipatia mshenga wake. Taifa likisema litachoma bandari, upande wa pili ulipokea salamu nyingi na kuulizwa hali ya bandari. Vita vikakoma, mataifa yakaanza kualikana futari.

Wafadhili walikasirika. Walilipia vita, wakaonyeshwa futari! Mwakilishi wao, Bwana Haruni, akataka washenga waondolewe, la sivyo kituo kifungwe. Mkurugenzi wetu, Bwana Mansuri, ambaye mdomo wake hauna breki, akajibu kwamba Haruni hajui hata kuwasha kompyuta, aje akifunge yeye mwenyewe. Jibu hilo alipewa Bi. Warda alifikishe. Sisi wengine tukaanza kufungasha vikombe vyetu.

Haruni alipokea salamu za Mkurugenzi, pamoja na ombi la unyenyekevu la ushauri wake wa kitaalamu. Naye akajibu kwa kuomba radhi, kwa maneno ambayo tunashuku hakuyasema. Mkataba ukaongezwa, washenga wakabaki. Tangu hapo wawili hao hawajazungumza ila kupitia kwake, na kila mmoja anaamini mwenzake ni muungwana.

Wiki iliyopita tulimsihi aongeze japo mwaka mmoja, maana riziki zetu zote zimo mdomoni mwake. Akacheka, akasema, "Wote wawili ni watu wazima. Watazungumza wenyewe."

Ahsante sana, mama yetu. Tunakuombea afya, raha na usingizi mnono. Jumatatu asubuhi Bwana Haruni atampigia Mkurugenzi moja kwa moja. Tafadhali, simu yako usiizime.