Ramsakhi na Nyati Aliyeibwa na Ghamandi

Tarehe 31 Machi, Bi Ramsakhi Baghel anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika makumbusho ya kijiji chetu cha Kachnauda. Makumbusho yenyewe ni vyumba viwili na baraza. Kimoja ni cha historia. Kingine ni cha Ghamandi, jambazi wetu, na ndicho wageni wanachokikimbilia.

Aliajiriwa kufagia. Siku moja mwongoza wageni aliumwa tumbo, Ramsakhi akashika nafasi yake na hakuirudisha tena. Mwenzake alizoea kusimulia jinsi Ghamandi alivyowapora matajiri akawagawia maskini. Ramsakhi alisema Ghamandi aliogopa farasi, alikoroma makorongoni hadi polisi wakamsikia, na alimwiba nyati wa maziwa wa Phoolkali, mjane fukara, bibi mzaa mama wa Ramsakhi mwenyewe.

Mwenyekiti wa kijiji, Ratiram, alikereka. Alikuwa ameagiza sanamu ya Ghamandi juu ya farasi, na siku ya kuizindua akaualika ukoo mzima wa jambazi.

"Leo habari za nyati ziache, mama," alimwonya. "Ukithubutu, kesho usije kazini."

"Ghamandi amrudishe nyati, nami nitanyamaza."

Mbele ya umati akasimulia yote: Phoolkali alivyomfuata mwizi hadi ukingoni mwa korongo akimporomoshea matusi, na wanawe walivyokosa maziwa kipupwe kizima. Kitinda mimba alifariki kabla ya sikukuu ya Holi. Ratiram akampokonya kipaza sauti.

Ndipo Bi Gomti, mjukuu wa Ghamandi, akainuka na mkongojo wake. "Mrudishie kipaza sauti, wewe!" Kisha akamgeukia Ramsakhi: "Nyati huyo alivunjika pembe?"

"Ya kushoto," akajibu Ramsakhi.

"Basi ndiye. Maziwa yake ndiyo yaliyomlea baba yangu. Sisi tuliambiwa alikuwa zawadi." Akamkumbatia. "Dada yangu, babu alikuwa mwizi tu. Tena mwizi wa wajane."

Watu walicheka, wengine wakifuta machozi. Ratiram alijifanya anapigiwa simu. Wiki hiyohiyo picha ya Phoolkali ilitundikwa katika chumba cha Ghamandi, juu kidogo ya ile ya jambazi, na Bi Gomti ndiye aliyeshika ngazi.

Bi Ramsakhi, asante kwa kutukatalia uongo mtamu. Kalale mchana, wasumbue wakwe zako, na kila atakayekuja kukujulia hali asije mikono mitupu: alete ladu za ufuta. Tunakuombea afya tele na miaka mingi ya kutusema.