Maji Yaliyotokea Mlangoni

Mheshimiwa Diwani wetu, uliyekuja mwenyewe wakati wenzako wametuma salamu, Bwana Afisa wa Majitaka, majirani zangu, kina mama wa samaki, ambao mikono yenu imekufa ganzi kwa barafu yangu miaka yote hii, na ninyi watu wangu tisa mliosimama pale nyuma kana kwamba hata leo kuna kazi: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Karibuni kiwandani, na msishangae huu ukimya. Kwa miaka kumi na tisa humu ndani tumezungumza kwa kupigiana kelele, kwa sababu ya mtambo. Jana alasiri Kaka Koti, fundi wetu, aliuzima. Akavua lile koti la sufu ambalo mtaa mzima humcheka nalo wakati wa joto, akalitundika msumarini, akasema, "Dada, sasa na mimi nitatoka jasho kama watu." Tukacheka. Kisha hatukucheka tena.

Wengi mnajua nilianza na mkokoteni, nikinunua mabonge ya barafu kwa wengine na kuyafikisha sokoni yakiwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa ikinidondokea njiani. Huko ndiko nilikosomea hesabu, basi nisameheni nikisema kwa hesabu.

Maji yakiingia hapa mapipa ishirini, mawili huenda chooni na kwenye kuosha sakafu. Hayo ni majitaka, ni yangu, siyakani. Kumi na manane hutoka kwa mlango ule, magumu kama jiwe, juu ya mikokoteni na vichwa vya watu. Lakini tozo mpya ya halmashauri inasomwa kwenye mita ya maji yanayoingia: katika kila mia ya bili ya maji, themanini ya majitaka. Bili yangu ya maji ni laki mbili kwa mwezi. Tozo ikawa laki moja na sitini elfu. Faida yangu, nikishalipa watu, umeme na maji yenyewe, ni laki moja na ishirini. Hapo haitwi mhasibu.

Nilikwenda ofisini. Bwana Afisa, unakumbuka, maana ulinivutia kiti. Nikakuuliza, "Mwanangu, barafu inapitaje kwenye bomba?"

Ukasema, "Mama, si itayeyuka?"

"Itayeyukia wapi?"

"Sokoni."

"Na huko sokoni, bomba lenu limefika?"

Kisha ukaniambia, kwa upole, sitakusingizia, "Mama, mfumo unasoma mita. Hausomi mlango."

Nawe Mheshimiwa ukanishauri nivumilie, kwamba mwakani viwango vitapitiwa upya. Nimevumilia miezi minane, kila mwezi nikijazia arobaini elfu kutoka kwenye akiba, na akiba imekwisha. Barafu, Mheshimiwa, haijui mwakani.

Je, mnadhani mimi ni adui wa bomba la majitaka ambalo tozo hii inalipia? Siku ya mkutano wa maoni, mkono wa kwanza kuinuka kuunga tozo ulikuwa huu hapa. Wapo mlionizomea: "Mama Barafu ana hela, muacheni alipe!" Sikuwajibu, maana nilichokuwa nakiona si hela. Mwaka ule chemba ya mtaa ilipofurika na uchafu ukaingia hadi vyumbani kule bondeni, mtoto wa mdogo wangu aliharisha usiku mmoja, na asubuhi hatukuwa naye. Umri wake miaka minne. Alikuwa akija hapa kulamba chenga za barafu chini ya msumeno, akimwambia Kaka Koti, "Mjomba, sukari yako haina utamu." Baba yake alikuwa safarini, mwendo wa siku mbili. Kaka Koti alikata mabonge bila kuambiwa na mtu, akayapanga, akayatandikia shuka, na mtoto akamsubiri baba yake juu ya barafu ya mama yake mkubwa. Tangu siku hiyo, aliyefiwa hajalipa kitu katika kiwanda hiki. Hata hilo nalo linafungwa leo.

Kwa hiyo niliinua mkono. Na mkiniuliza tena, hata sasa, kama mtaa huu unahitaji bomba, nitauinua. Nilichoomba kilikuwa kidogo: mtu mmoja aje asimame mlangoni asubuhi moja tu, atazame kinachotoka. Leo mmekuja wote wawili, na mmependeza. Ila leo hakuna kinachotoka.

Kipo kimoja. Hili bonge mezani ndilo la mwisho, na tangu nianze kusema limeshapungua upana wa kidole. Sitaki liishie kwenye kimfereji cha sakafu, likaja kuniandikia bili nikiwa nimeshafunga. Kaka Koti, lete msumeno. Na vaa koti lako, kaka, acha wacheke. Kila mmoja atapata kipande. Mheshimiwa na Bwana Afisa mtapata vya kwanza, kwa mikono mitupu kama wabebaji wangu, mtoke navyo kwa mlango ule, ili mjue maji yetu yalikuwa yakipita wapi.

Shukrani zangu kwenu nyote kwa kunipa masikio yenu. Sasa nipeni na mikono.