Liwali Hajui Asichoambiwa

Usinitazame hivyo, Mikdad, kama unamwangalia mgonjwa anayeongea na ukuta. Nimesema wosia, na wosia ndio huu. Shamba la Kiwangwa limeshagawanywa mbele ya shehe, nyumba mnajua ni ya nani. Kilichobaki ni Liwali, na ukidhani Liwali si kitu cha kuusiwa, niambie kwa nini Samia, binti wa shangazi yako, Ijumaa ya tatu hii hakanyagi humu ndani, na leo kaja kwa sababu tu nimemwambia naondoka.

Sikilizeni basi, wajukuu zangu, na wewe Abdulwahab uliyetuletea mchezo huu wa kusimuliana hadithi mezani kutoka chuoni Mbegani, na dadu zako za nyuso ishirini. Daktari kasema moyo wangu umechoka, na kesho mwanangu Nadhira ananichukua Pangani. Sirudi. Miaka minne nimewasimulia mji wa Chumvi, ninyi mkawa mashujaa, kila mmoja na wake, mimi nikawa watu wengine wote: mlinzi wa lango, muuza maji, jini la kisimani, na huyo Liwali Dadi aliyewashinda mpaka leo. Mlinichagua mkidhani bibi atakuwa adui mwepesi.

Mnauliza nilimtoa wapi, darasa la saba mimi. Nilimtoa kwa shemeji yangu Bwanausi, mdogo wa babu yenu. Babu yenu alipofariki, Bwanausi alikuja matangani na mchele, akalia kuliko mimi mjane, akasimamia mpaka kuchimba kaburi. Hakunitukana hata siku moja. Alingoja nikae eda, miezi minne na siku kumi, nimo ndani siwezi kutoka, ndipo akaanza kusogeza mpaka wa shamba, mstari mmoja wa mananasi kila wiki. Mtu mwenye akili haketi pangoni akinoa kisu, akisubiri mashujaa wamkute. Ana lake analolitaka, na analifanyia kazi siku ambayo wewe huna la kufanya. Ndiyo maana mashujaa wenu waliposafiri siku kumi kwenda kwa mganga, waliporudi walikuta Liwali kashavunja daraja. Mkanuna. Mlitaka awangoje?

Lakini Bwanausi naye alikuwa mtu. Alijua anachokiona na anachoambiwa, basi. Aliyemwambia alikuwa Tabia, jirani aliyekuwa akiniletea chakula. Nilipomgundua sikumfukuza, nilimwambia, huku napokea sahani, kwamba eda ikiisha Jumatatu naenda zangu Pangani kwa kaka yangu, shamba silitaki tena. Bwanausi akawaita wazee Jumanne waje kushuhudia mpaka mpya. Wakanikuta nimekaa mkekani pale pale mpakani, pamoja na mzee aliyesaidiana na babu yenu kupanda mikorosho ya mpaka wa kwanza.

"Shemeji, hukusafiri?" akaniuliza.

"Sikusafiri, shemeji. Karibu ukae."

Akakaa. Akaomba maji, akanywa, akasifu mananasi, akaaga vizuri. Hakupiga kelele wala hakusimama kutueleza mipango yake yote kama maadui wa kwenye televisheni. Mwaka uliofuata alikuja kwa njia nyingine. Mpaka anakufa sikumsamehe, na leo simsamehe. Hilo nalo mlijue.

Sasa wewe, Mikdad. Nilipokwenda mazikoni Msata, ulikaa hapa ninapokaa mimi, ukamchezesha Liwali. Wenzako wakanong'onezana kwenye meza hii hii kwamba wataingia lango la kusini wamejificha ndani ya mkokoteni wa chumvi. Hapakuwa na mpelelezi, hapakuwa na mtumishi mlangoni, hata paka. Liwali akawapokea langoni na mikuki thelathini, na mwindaji, shujaa wa Samia aliyemlea miaka minne, akafia mle mkokotenini. Nilipokuuliza, ukanijibu Liwali ana akili, bibi, alikisia. Hakukisia. Wewe ulisikia, ukamwazima masikio yako. Huko si kumpa adui akili, ni kumwibia Samia. Ningekuwa nashindana na Bwanausi anayesikia hata ninayoyawaza kitandani, leo msingekuwa na shamba. Adui lazima adanganyike. Asipodanganyika, mwenzio kakaa mezani kufanya nini?

Nipe hayo maji. Ngojeni. Pumzi siku hizi inakuja ikitaka.

Siku ile ya langoni nimeifuta. Mwindaji yu hai, mkokoteni bado uko nje ya mji. Na Liwali namwachia Samia. Usitingishe kichwa, binti. Daftari hili hapa. Kila Ijumaa, kabla wenzako hawajaketi, andika Liwali anataka nini, nani kamwambia nini, na atafanya nini hata kama mashujaa watalala tu. Karatasi uikunje uikalie, muisome pamoja mkimaliza. Watakalopanga mbele yako likae kwako, lisimfikie yeye. Wakimdanganya, adanganyike, hata roho ikuume. Akizidiwa akimbie, asife kwa kujionyesha. Na Liwali hana kisasi na Mikdad. Mwenye kisasi ni wewe. Kiache nje na viatu.

Mwindaji atachezwa na Mikdad. Ndiyo, wewe. Utamwingiza langoni, Samia anasikia kila unalolipanga, nawe ujue inavyokuwa kuweka roho ya mtu wako mkononi mwa mwenzio.

Unaona? Ushaanza kunitazama usoni, uone kama kuna mikuki. Miaka yote mmekuwa mkiusoma uso huu, ndiyo maana leo sikai nanyi mezani. Nikikaa mtaniuliza mimi kila neno, na Samia atakuwa karani wangu. Mkisikia nimekufa, nizikeni, lakini Ijumaa yenu msiiahirishe. Mungu awape... ngoja... awape vifua vya kushindwa bila kununiana, na meza hii isipungue mtu kwa hila ya mwenzake. Amin.

Usinishike mkono, Abdulwahab, ukuta unanitosha. Samia, umeandika? Ikunje. Kaa juu yake. Mlango naufunga kwa nje, na atakayekuja kuniuliza chochote sitamjibu. Haya, mwanangu. Mwambie Mikdad anaona nini langoni.