Kaunti Ilikuja Chai Imeshachipua

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi, Bi. Naibu Chifu, wachungaji wetu, ndugu wageni waalikwa, wakulima wenzangu: chamgei! Mimi Kimeli, mzee wa kijiji, nimepewa kazi ya kumuaga msimamizi wa wadi yetu, Bwana Kipngeno, anayehamishwa. Nimeambiwa nimsifu, na ninamsifu kwa moyo wote, ingawa kichwa changu kimevurugika.

Mnaikumbuka ile mvua ya mawe ya Aprili. Ilipukutisha chai ikabaki vijiti, na upepo ukaezua nyumba ya Nelvine akiwa na mtoto mchanga. Bwana Kipngeno alifika siku hiyo hiyo, matope hadi magotini. Akaniambia, "Mzee, nimeita kaunti. Wasipojionea wenyewe, hata Nairobi haitatusaidia. Msiguse kitu." Lakini nani angeacha mtoto anyeshewe? Tulichanga, tukanunua misumari sokoni Roret, tukaezeka kabla ya giza.

Wakubwa walipofika, mwezi ulikuwa umekwisha. Nyumba ina paa. Chai nayo, mnaijua, ilikuwa imechipua, majani mazuri ya kuangalia, bado hayachumiki. Mmoja akaniuliza, "Sasa mzee, hayo maafa yako wapi?" Nikatazama shamba, nikatazama paa, hata mimi sikuyaona! Bwana Kipngeno aliwaeleza mpaka sauti ikakauka. Wakapiga picha, wakaenda. Msaada haukuja, na Nelvine, aliyepoteza mapato ya chai, mpaka leo anaomba unga kwa majirani.

Jana upepo ulirudi. Mama Mellen, huyu aliyeketi mbele, hana paa. Safari hii nilitii, nikakataza watu wasiguse kitu. Mabati yake yamelala kwenye chai, na yeye alilala kanisani na wajukuu. Asubuhi nimepigia kaunti simu, wakanijibu, "Tuko njiani." Waheshimiwa, ni mimi tu ambaye sielewi? Tukijisaidia, tunaonekana hatukuumia; tusipojisaidia, tunaumia ndipo tusaidiwe? Haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Nishike ipi?

Bwana Kipngeno, nilitaka unijibu leo kabla hujaondoka, lakini lile wingu la upande wa Sigowet halitangoja hotuba iishe. Basi, hao wa picha watatukuta juu ya nyumba ya Mama Mellen tukirudisha mabati. Nenda salama, rafiki yetu, lakini kwanza vua koti.

Ndugu zangu, asanteni kwa masikio yenu. Sasa naomba mikono.