Maneno Matamu ya Tomasi

Mwaka ule serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, kwa hiyo kwenye benchi la kahawa la Mama Albertine, pale Likasi, kila mtu alikuwa na jina la utani, isipokuwa Albertine mwenyewe: asiyetaka jina lake asinywe kahawa yake. Casimir, karani asiyetoka bila kalamu, aliitwa Bic. Barthélemy, mlipua miamba wa mgodi wa Kakanda, aliitwa Baruti. Germain, mpiga kengele wa parokia, alikuwa Ngongo, kama mlio wa kengele yake. Asubuhi hiyo Bic alifika kifua mbele: jana, kwenye mazoezi ya mchezo wa Pasaka alioutunga, watu walimpigia Tomasi, mtume mwenye shaka, makofi mpaka viganja vikawaka. Ngongo peke yake hakumpongeza.

— Bic, weye hauamini tena.

— Nani alikuambia?

— Weye mwenyewe! Tomasi wako anasema Kiswahili ya ku cité, ya watu wa mutaani, anagomba, analia. Yesu anasema sawa avis, tangazo ya kubandika ku mulango ya bureau: “Wote wanaombwa kuwa na amani.”

Baruti akapaliwa na kahawa.

— Haki! Minye nikikufwa, ile avis haiwezi kunifufua.

— Yesu ni mukubwa, Bic akajitetea. Mukubwa hasemi mingi.

— Haraka haina baraka, Baruti akadakia. Njo sababu alingoja siku tatu.

— Ile inaingia wapi? Ngongo akauliza.

— Inaingia! Ku mine, tukiwasha baruti na shimo moja inanyamaza, hatusemi imekufwa, hatusemi iko muzima. Tunakaa mbali, tunangoja. Pengine Mungu iko vile.

— Mungu ni shimo? Ngongo akaruka wima. Kesho Mupe, padri wetu, anasoma mchezo! Akisikia, Bic hataandika tena hata tangazo ya ndoa!

Bic akagusa kalamu mfukoni mwake. Tangu amzike Berthe, mkewe, mchezo ndio ulikuwa mahali pekee alipoweza kulia bila kutazamwa. Maneno ya Tomasi hakuyabuni. Aliyasema kwanza makaburini.

Ndipo akapita Bibiane, beseni la samaki wa Kapolowe kichwani.

— Baba Bic, jana mutoto alilia, nikatoka mbele mchezo haijaisha. Tomasi aliuliza, “Ulikuwa wapi wakati nilikuita?” Yesu alimujibia nini?

Ngongo akamtazama Baruti. Baruti akatazama kikombe. Jana, kwenye swali hilo hilo, pazia lilifungwa kabla Yesu hajajibu.

Bic akachomoa kalamu, akaifungua, akaifunga.

— Minye pia, mama. Nilitoka mbele haijaisha.

Ngongo, aliyekuwa bado amesimama, akaketi taratibu.

— Basi tungoje, akasema.

Mama Albertine akainamisha birika: tupu. Hakuna aliyeondoka.