Gari la Evelio Limegoma

Pale kona ya Luyanó, Havana, kijiwe ni kiti cha basi kilichong'olewa kikaegemezwa ukutani, na kila asubuhi kinakaliwa na makalio yaleyale matatu. Rada ni baharia mstaafu, anajua habari za dunia nzima isipokuwa za nyumbani kwake. Skrubu alikuwa fundi wa kiwanda cha sukari mpaka kiwanda kikafa. Padri hajawahi kuwa padri, ila kila kitu kikiharibika yeye huanza na roho ya kitu hicho. Hatua sita mbele yao, teksi kuukuu, Plymouth ya mwaka hamsini na moja, ilikuwa imefunguliwa boneti, na ndani yake kimezama kichwa cha Osmany. Osmany ana shahada ya umeme na hana kazi; karatasi yenyewe imetundikwa sebuleni, inaziba ufa. Siku ishirini na tatu zilizopita kiharusi kilimwangusha baba yake, mzee Evelio, juu ya sahani ya wali na maharage. Leo saa nne anarudishwa kutoka hospitali, na hasemi tena. Teksi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Kuanzia kesho dereva ni Osmany, au hakuna dereva. Na gari limegoma.

—Piga tena, akasema Skrubu.

Osmany akapiga. Stata ikalia kama mbuzi, injini haikushika.

—Cheche hakuna, akasema Osmany. Umeme unapotelea njiani.

—Koili hiyo. Chumvi ya bahari imeingia kwenye koili.

—Koili umeibadilisha wewe jana, mzee.

—Basi imeingia kwenye hiyo mpya. Chumvi haichagui.

—Acheni mambo ya koili, akasema Rada, akipokea kikombe kwa Padri. Kahawa ilikuwa nusu kahawa nusu njegere za kukaanga, kama ya kila mtu. —Tazameni siasa. Bodi Mmarekani, injini Mrusi, giaboksi ya lori la Wacheki, nyaya za Mchina. Mnataka hao wasikilizane? Hata kwenye mikutano yao wanakaa na wakalimani!

—Wamesikilizana miaka ishirini, akasema Skrubu.

—Evelio ndiye aliyekuwa mkalimani, bwana.

—Si siasa, akasema Padri. —Lina majonzi. Ng'ombe wa mjomba wangu aligoma kutoa maziwa siku ile mwenye ng'ombe alipolazwa.

—Kwa hiyo nilikamue?

—Libembeleze. Umeliamkia leo?

—Padri, nimesoma sumaku na umeme miaka mitano. Siamkii mabati.

—Ndiyo maana haliwaki.

—Au ni jua, akasema Rada, ambaye hapendi kupitwa. —Mwaka huu jua lina madoa. Madoa yanameza cheche. Hata redio yangu imenyamaza.

—Redio yako haina betri.

—Na betri imemezwa na nini? Jibu!

Skrubu akainuka na kipande cha waya mkononi. —Ngoja nivushe moto moja kwa moja kutoka kwenye betri.

—Thubutu! akafoka Osmany. Jana umevusha, nyaya mbili zimeungua, mtaa mzima ukanuka. Kaa chini!

Skrubu akakaa. Nyaya zenyewe zilikuwa za simu, zote nyeupe. Evelio alizitandika kwa mkono wake, bila rangi, bila mchoro, kisha akazifunika kwa zulia aliloligandisha sakafuni kwa lami. Kulibandua ni kung'oa na sakafu, na sakafu hiyo haina ya kubadilishia.

—Sasa injinia, akasema Skrubu, bado kinyongo cha waya kinamwasha. —Chuoni walikufundisha nini hasa?

—Walinifundisha kusoma mchoro! Mchoro uko wapi? Uko kichwani mwa baba. Nikisogea hapa alikuwa akinifukuza: nenda kasome, mikono yako isije ikanuka petroli. Haya, nimesoma! Mikono inanukia sabuni na sufuria haina kitu. Mmefurahi?

Hakuna aliyefurahi. Padri akamjazia kikombe.

Ndipo teksi ya baiskeli ikakata kona, inaendeshwa na kijana mwenye miguu ya mchezaji mpira, mgeni wa mtaa, aliyetoka Guantánamo wiki ile. Nyuma walikaa Nereida, mama yake Osmany, na mzee Evelio. Evelio akaitazama ile boneti iliyo wazi kama mtu aliyekuta wageni wanapekua kabati lake.

—Limekufa? akauliza kijana, akijifuta jasho.

—Koili!

—Majonzi!

—Jua!

—Aah. Na mzee mwenyewe alikuwa akiliwashaje?

—Kwa ufunguo, kijana. Kwani kwenu wanatumia kijiko?

—Ufunguo naujua. Kabla ya ufunguo. Anafungua mlango, anakaa, halafu?

Rada akamtazama Skrubu, Skrubu akamtazama Padri. Miaka ishirini, kila alfajiri, hatua sita, wamemwona Evelio akiingia garini. Wanajua alinunua matairi kwa nani na aligombana na nani.

—Alikuwa anapangusa viatu, akasema Padri.

—Hapo alikuwa hajaingia, akasema Skrubu kwa sauti ndogo.

—Mama? akauliza Osmany.

—Mimi? Mimi hutoka ndani likishanguruma.

Na Osmany mwenyewe alfajiri hizo alikuwa kitandani, mto juu ya kichwa, akiulaani huo mngurumo.

Wote wakamgeukia Evelio. Tangu afike hakuna aliyemsalimu.

Osmany na kijana wakamshusha, wakamkalisha nyuma ya usukani wa Plymouth. Mkono wa kushoto ulining'inia kama shati lililolowa. Mzee akakaa kidogo, akivuta hewa ya kiti chake. Kisha mkono wa kulia ukavuka kifua, ukaushika ule uliokufa kwenye kifundo, ukauteremsha kati ya kiti na mlango, ukauacha hapo. Vidole havikusogea.

Osmany akapiga magoti barabarani. Akaufuata mkono wa baba yake, juu ya vidole, mpaka ncha zake, mpaka akagusa plastiki iliyotazama chini: swichi ya taa, ya ukutani, ya chumba cha kulala, imefichwa chini ya kiti kukata umeme wa injini. Akaibonyeza. Akanyoosha mkono mwingine, akazungusha ufunguo.

Injini ikakohoa, ikashika, vikombe vikatetemeka kijiweni.

—Si nilisema ni umeme? akapiga kelele Skrubu. —Nilisema au sikusema?

Osmany hakumjibu. Akazima gari. Akairudisha swichi kama ilivyokuwa, akauinua mkono wa baba, akauweka pajani pake.

—Tena, baba, akasema. —Nionyeshe tena.